Pagale la Mangamba

Dalali alitaka elfu kumi ya kutuonyesha.
Tukampa, akatuonyesha kuta na mpapai.
Mpapai uko sebuleni, umejiotea wenyewe,
kichwa chake kimeshaipita linta.
"Hapa hewa haikatiki," akasema dalali,
na kweli, paa lilikuwa halipo.

Mwenye pagale alikuja Mtwara enzi za gesi,
watu walipokuwa wakinunua mbuzi kwenye gunia
na gunia lenyewe wakililipia.
Sasa anarudi kwao Moshi, ana haraka.
Akataja milioni kumi na mbili.
Mume wangu Chitenje akakohoa.
Kikohozi kile kilitushushia milioni moja na nusu.

Usiku tukamwaga kila kitu kitandani:
kibubu nilichoanza siku nilipomzaa Somoe,
upatu wa wanawake wa sokoni, zamu niliyoibembeleza,
cherehani ya pili, niliyoipaka mafuta
kabla ya kuiuza, kama mtoto anayepelekwa bweni.
Mkopo wa saccos. Riba yake niliisoma mara tatu
na mara ya tatu ilikuwa ileile.
Pengo lililobaki tukalikabidhi korosho za Nanyamba.

Mnada wa kwanza, bei ikapanda:
nikanunua kitambaa cha mapazia.
Mnada wa pili ikashuka: nikakikunja.
Wa tatu, wakulima wakaikataa bei, wakaenda zao,
na shemeji yangu akiwa mbele, amenyoosha mkono juu,
hajui kwamba mkono ule umeshika dirisha langu.

Muuzaji akapiga simu.
"Kuna mtu mwingine. Ana taslimu."
Huyo mtu mwingine! Sikumwona hata siku moja
lakini nilimjua mpaka viatu vyake.
Usiku alikaa sebuleni kwangu,
amekunja nne,
anakula papai langu kwa kijiko.

Pesa ziliingia Jumanne, saa tano asubuhi.
Simu ilitetemeka juu ya meza ya kukatia
na mkasi wangu ukapinda, nikaharibu sare ya mtu.

Ofisi ya mtaa: mwenyekiti anahesabu asilimia yake,
mashahidi wanauliza soda,
muhuri umekauka wino.
Mwenyekiti akaupumulia, haa, haa,
akaugandamiza kwa kiganja.
Nyumba yangu ilipatikana kwa pumzi mbili za mtu.

Nilidhani nitapiga vigelegele.
Nikaomba ufunguo wa choo,
nikalia humo hadi wakagonga.
Si huzuni, sikwambii ni furaha.
Ni kwamba mkobani mlibaki elfu saba
na mkataba.

Fundi Nandonde alisema mabati thelathini na sita.
Tulikuwa na ya ishirini.
Basi tumeezeka vyumba viwili na ukumbi,
sebule inasubiri msimu ujao,
na mvua ya Januari ikija
wageni tunawapokea chumbani.
Saccos wao hawajali kama kunavuja:
tarehe ishirini na tano wanakata.
Kuna wiki tumekula mihogo asubuhi, mihogo usiku,
na Chitenje akaniuliza, bila kunitazama,
"Kule kwa Bi Esha, kwani tulikosa nini?"
Sikumjibu. Nami nilikuwa nikijiuliza.

Jana aliushikia mpapai panga.
Nikamwambia subiri, una matatu mabichi.
Akasubiri. Somoe ameegemea shina,
anafanya hesabu za darasa la tano.

Miaka kumi na moja, kule Chikongola,
Bi Esha alikuwa na sheria moja tu aliyoirudia
kila alipopokea kodi:
ukutani kwangu, msumari hapana.

Leo wametoka wote.
Nimeazima nyundo kwa jirani,
nimepigilia msumari katikati ya ukuta wa chumba.
Sina picha, sina kalenda, sina cha kutundika.
Nimerudi nyuma hatua tatu, nimeutazama.
Umekaa upande kidogo.
Nimepigilia wa pili.